Zile siku tatu za katikati

Hundi ya kwanza kunirudia ilirudi na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, kimegongwa muhuri: "Rejea kwa mtoaji." Aliyeileta alikuwa fundi aliyetutengenezea mashine. Alisimama mbele ya meza yangu, akaiweka hundi taratibu kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Nilikisoma kile kikaratasi mara mbili, nikadhani labda nimesahau kuweka tarehe.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejikaza asigombe, "hiyo maana yake hela hamna."

Na hela zilikuwepo! Zilikuwepo kwenye daftari langu. Siku mbili kabla nilikuwa nimepeleka benki hundi ya mteja wetu mmoja, kubwa kuliko hii ya fundi, nikaiingiza kwenye safu ya mapato, nikajumlisha na kupiga mstari. Kwa hesabu yangu tulikuwa na uwezo wa kumlipa fundi na wengine wawili. Nisichokijua ni kwamba hundi ya mteja ilikuwa bado haijafika kwenye benki yake kuulizia kama kuna kitu. Kwa lugha ya ofisini, ilikuwa haijaiva. Ya fundi, ambaye akaunti yake ilikuwa benki ileile yetu, iliiva kwanza. Hundi mbili zilipishana njiani, na aibu ikanishukia mimi niliyekuwa katikati.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Nilidhani nitafukuzwa. Bosi alicheka, akavuta kiti, akaniambia nisikilize vizuri, kwa sababu hicho ninachokiona ni balaa ndicho kinachotuweka mjini.

Nitarudi kwenye hilo. Kwanza niseme kazi yenyewe ilikuwaje, maana siku hizi nakutana na makarani wa hesabu ambao hawajawahi kuandika hundi hata moja, na wananiuliza kama tulikuwa tunalipwa kwa kuandika tu majina. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kulinda kitabu cha hundi. Kilikaa kwenye kabati la chuma, ufunguo mmoja kwangu, mwingine kwa bosi. Aliyenitangulia alinifundisha kujaza kishina kwanza, kile kipande kinachobaki kitabuni, kabla ya kugusa hundi yenyewe: tarehe, jina, kiasi, ya nini. Bosi mwenye haraka atachana hundi na kuondoka nayo, alisema, na kishina kitupu hakina cha kukuambia mwisho wa mwezi.

Kisha kiasi kwa maneno. Hapa Kiswahili chetu kina mtego wake. Andika "elfu tano" ukaacha nafasi pande zote, umemwachia mwizi mlango wa mbele na wa nyuma: mbele ataongeza "laki moja na", nyuma "na mia tisa", na maneno yatasomeka sawasawa kama vile uliyaandika wewe. Kwa hiyo unaanzia ukingoni kabisa, unamalizia na "tu", halafu unavuta mstari mpaka mwisho wa karatasi. Lile "tu" ndilo kufuli. Maneno na tarakimu zisipolingana, sheria ya Uingereza ya 1882 na ile iliyokubaliwa Geneva mwaka 1931, ambazo nchi nyingi zimefuata moja au nyingine, zote zinayapa maneno nguvu. Karani wa dirishani hana habari na hilo. Anakurudishia hundi yako ukaiandike upya.

Na tulipiga ile mistari miwili ya mshazari kwenye kona, ili hundi isiweze kulipwa taslimu dirishani ila iingie kwenye akaunti ya mtu. Hiyo peke yake iliwahi kutuokoa, hundi ilipodondoka kwenye begi la tarishi wetu na kuokotwa na mtu asiyemjua yeyote. Niliandika barua fupi benki: namba ya hundi, tarehe, kiasi, jina la mlipwaji, tafadhali msiilipe. Kufikia saa sita mchana ilikuwa imezuiwa. Ile karatasi iliyookotwa ikawa haina thamani hata ya kufungia karanga. Wakati huo sikulitilia maanani, nikaona ni utaratibu tu. Miaka kadhaa baadaye niliikumbuka ile barua kwa uchungu.

Saini ya bosi ilikuwa tatizo jingine. Ilikuwa ndefu, yenye mkia wa kishada, na mkia huo ulishuka hadi kwenye ukanda mweupe ulioko chini ya hundi, pale penye tarakimu zenye maumbo ya ajabu, zimenenepa hapa na kukonda pale. Hundi tatu zilirudi kabla sijaelewa. Karani mmoja wa benki, dada mwenye subira, alinionyesha kwa kidole: tarakimu zile zimechapwa kwa wino wenye sumaku, na mashine inazisoma kwa sumaku, haizitazami kwa macho. Mfumo huo ulibuniwa Marekani miaka ya 1950, hundi zilipokuwa nyingi kiasi kwamba makarani walikuwa wanazama ndani yake. Ukichora juu ya ukanda ule, umeilazimisha benki irudi enzi za kusoma kwa macho. Nilimwambia bosi afupishe mkia. Alikataa kata kata, akasema saini ni uso wa mtu. Tukakubaliana asaini juu zaidi.

Sasa yale aliyoniambia siku ya fundi.

"Hesabu siku," alisema. "Ukiiandika Ijumaa jioni, yeye benki anaenda Jumatatu. Jumanne benki yake inaipeleka kwenye mabadilishano, pale benki zinapokutana kubadilishana hundi. Jumatano ndiyo inatukuta sisi. Kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano, yeye ameshalipwa na mimi bado nina hela yangu."

Nilikuwa mwanafunzi mzuri, pengine kupita kiasi. Nilichora kalenda yangu ndogo nyuma ya daftari, kila hundi na siku itakayotua, na kila fedha inayotarajiwa kuingia na siku itakayoiva. Tulikuwa tunalipa kwa pesa ambazo bado hazijafika, kwa hundi ambazo bado hazijafika, na mara nyingi vitu hivyo viwili vilikutana salama. Siku tatu za katikati, Jumatatu mpaka Jumatano, zilikuwa mtaji wetu. Sitaki kuliita wizi, lakini nikimkumbuka yule fundi akiwa na karatasi mkononi wiki nzima akidhani amelipwa, najua kwamba mtaji ule ulikuwa na mwenyewe.

Kisha benki ikatuletea barua. Niliiweka faili bila kuisoma, maana barua za benki zote zilianza kwa "Ndugu mteja wetu mpendwa" na kuishia kwa ongezeko la ada. Wiki chache baadaye, Jumatatu asubuhi kabla ya chai, simu ikalia. Afisa wa benki: hundi yenu imefika, salio halitoshi.

"Imefikaje?" nikauliza. "Nimeiandika Ijumaa!"

"Dada, siku hizi hundi hazisafiri," akanijibu. "Inasafiri picha."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua niliyoifungia kwenye faili. Hundi inapigwa picha kwenye benki inapopokelewa, picha na zile tarakimu za sumaku zinatumwa kwa mtandao, na karatasi yenyewe inabaki palepale. Siku zetu tatu zikawa moja, wakati mwingine saa chache. Baadaye nilijifunza kwamba nchini Marekani msukumo ulitoka mahali pasipohusiana kabisa na ulaghai wetu mdogo: mashambulizi ya 11 Septemba 2001 yalipofanya ndege zote zizuiwe ardhini kwa siku kadhaa, hundi za nchi nzima zikakwama, kwa sababu kumbe kila usiku zilikuwa zinapakiwa kwenye ndege na kusafirishwa kutoka benki hadi benki. Sheria ya kuruhusu nakala ya picha ichukue nafasi ya hundi yenyewe ilipitishwa 2003, ikaanza kutumika Oktoba 2004. Kabla ya ndege walikuwepo watu. London ya karne ya 18, kila benki ilikuwa na karani wa kutembea mjini kutwa akidai hundi kwenye benki nyingine, mpaka makarani wenyewe walipochoka, wakaanza kukutana sehemu moja, kubadilishana karatasi na kulipana tofauti tu. Mfumo wa benki za London kudaiana umetokana na miguu iliyouma. Huwa nawapenda sana wale makarani.

Na sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kuushangaa mchezo huu wa karatasi inayosafiri badala ya fedha. Neno "hundi" tulilipata kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ambao hati zao zilikuwa zikihamisha mali kati ya miji na bandari muda mrefu kabla hatujasikia habari za kitabu cha hundi. "Hawala" ni ya Kiarabu. Lugha yetu ilikuwa na maneno ya kazi hii kabla ya "cheki".

Bosi alinuna kwa mwezi mzima. Halafu, kwa kuwa mtaji wa siku tatu ulikuwa umekufa na hundi ilikuwa imebaki na usumbufu wake tu, akakubali tuhamie kwenye malipo ya mtandao.

Sitasahau ya kwanza. Nilibonyeza, nikawa natazama kioo nikisubiri kitu gani sijui, na kabla sijanyanyuka kitini aliyelipwa akapiga simu: "Dada yangu, imeingia!" Dakika moja. Kulipa kulikuwa kumegeuka kuwa kitu kinachotokea mbele ya macho. Na mwisho wa mwezi nilikaribia kucheza ngoma ofisini. Zamani nilikuwa nalinganisha daftari langu na taarifa ya benki kwa siku nzima, na kila mara kulikuwa na orodha ya hundi tulizotoa ambazo wenyewe hawajazipeleka. Mama mmoja aliyekuwa akituletea vifaa vya ofisi alikuwa anaziweka hundi kwenye droo "mpaka zifike kadhaa". Moja aliikalia mpaka ikapita miezi sita, na kwa benki yetu, kama zilivyo benki nyingi, ilikuwa imeshalala. Tulimwandikia nyingine, na daftari langu likabeba doa la ile ya kwanza nusu mwaka. Yote hayo yakaisha. Salio nililokuwa naliona lilikuwa salio.

Nilikaa na furaha hiyo kama miezi minane.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, nina malipo kumi na moja, mengi ya watu ninaowalipa kila mwezi. La saba lilikuwa la mtu mpya. Namba yake ya akaunti alikuwa ameiandika kwa kalamu nyuma ya ankara, kwa mwandiko unaobana. Nilisoma 37 nikaandika 73. Jina lake nililiandika lote, majina yote matatu, bila kosa hata la herufi. Nikabonyeza. Mfumo ukaniambia umefanikiwa, kwa tiki ya kijani.

Siku mbili baadaye akanipigia kuuliza lini atalipwa.

Nilikwenda benki nikiwa na utulivu ambao leo unanishangaza. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba pesa zimekwama mahali fulani, kwa sababu jina na namba havilingani, na hakuna mtu angeweka pesa za Fulani kwenye akaunti ya Fulani mwingine. Hundi yenye jina lisilolingana isingepita. Afisa alitazama, akageuza kioo nami nione.

"Mfumo unafuata namba," alisema. "Jina huwa halisomi. Hili ulilijaza kwa faida yako mwenyewe."

"Basi izuieni." Ile barua yangu ya hundi iliyookotwa ilikuwa kichwani: namba, tarehe, kiasi, tafadhali msiilipe.

"Tuzuie nini? Imeshalipwa. Ililipwa ulipobonyeza."

Kilichofuata kilichukua karibu wiki saba. Benki yetu iliiandikia benki nyingine. Benki nyingine ilisema pesa sasa ziko kwenye akaunti ya mteja wake na haiwezi kuzigusa bila ridhaa yake. Mteja hakupokea simu. Alipopokea, alisema alidhani ni deni la zamani amelipwa, na sehemu ameshaitumia. Sikumlaumu sana; nami ningependa siku moja nidhani hivyo. Alirudisha kwa mafungu matatu. Yule mtu mpya tulimlipa mara moja kutoka mfukoni mwa kampuni, na mimi nikakatwa mshahara kidogo kidogo mpaka fungu la mwisho liliporudi.

Katika wiki hizo nilisoma mengi kuhusu namba za akaunti, kama mgonjwa anavyosoma kuhusu ugonjwa wake. Kuna mfumo wa namba za kimataifa, IBAN, ambao baada ya herufi mbili za nchi huweka tarakimu mbili ambazo hazina kazi nyingine ila ulinzi. Zinatokana na kuigawa namba nzima kwa 97 na kutazama kinachobaki. Ukibadilisha 37 kuwa 73 hesabu inakataa na muamala hauendi popote. Akaunti niliyoilipa haikuwa ya mfumo huo, na benki ile haikuwa na kinga kama hiyo: kila namba niliyoweza kuikosea ilikuwa namba ya mtu. Uingereza ilianza mwaka 2020 kuzifanya benki kubwa zilinganishe jina na namba kabla pesa hazijaondoka, na benki za nchi zinazotumia yuro zililazimishwa kufanya hivyo kuanzia Oktoba 2025. Mahali mfumo unapokuonyesha jina la mwenye akaunti kabla ya kuthibitisha, lisome. Najua unavyolipita. Nami nilikuwa nalipita.

Lakini lililonikaa ni jingine. Wakati wa hundi umakini wangu mwingi ulikuwa unakuja baada ya kuandika. Niliandika, nikakumbuka kitu usiku nikiwa kitandani, na asubuhi bado nilikuwa na nafasi ya kukirekebisha. Zile siku tatu bosi alizigeuza mtaji, lakini zilikuwa pia muda wa kujutia. Sasa muda huo haupo, na mimi nilikuwa bado naendesha mambo kama mtu aliye nao. Nilikuwa nakagua baada ya kubonyeza! Nilikuwa nachapa orodha ya malipo jioni, naipitia kwa kalamu nyekundu, naweka tiki, yote yakiwa yameshakwenda saa tano asubuhi.

Kwa hiyo niliihamisha ile kalamu nyekundu asubuhi. Mtu mpya namlipa kwanza kiasi kidogo kabisa, namsubiri aniambie kimefika, ndipo nampelekea kilichobaki. Namba sichapi kwa kuitazama, nasomewa na mtu mwingine, tarakimu mbili mbili, na mimi namrudishia kwa sauti. Mtandao ukikatika katikati ya muamala sibonyezi tena mpaka nimeona salio, maana nilishawahi kubonyeza tena na mtu akalipwa mara mbili. Huyo alirudisha siku hiyohiyo, Mungu ambariki.

Wezi nao walihama. Enzi za hundi walikuwa wanaiba bahasha, wanaosha wino kwa kemikali, wanabakisha saini na kuandika jina jingine. Ndiyo maana tulitumia kalamu za jeli, ambazo wino wake unanywewa na karatasi na hauoshiki kirahisi. Watu wakiniambia hundi ilikuwa na usalama zaidi huwa nawauliza wameitazama vizuri lini. Jina lako, benki yako, namba yako ya akaunti na mfano wa saini yako, vyote kwenye karatasi moja unayomkabidhi mtu usiyemjua. Siku hizi mwizi haoshi chochote. Anakuandikia barua pepe.

Yangu ilikuja kwa jina la mtu tuliyemlipa kwa miaka sita. Ankara ilikuwa sahihi, nembo sahihi, kiasi ndicho tulichokuwa tunadaiwa. Chini, sentensi moja: tumebadilisha akaunti, tafadhali tumieni hii mpya. Ningelipa. Kilichonisimamisha ni neno la kwanza kabisa, "Mpendwa Mteja". Yule mzee kwa miaka sita hakuwahi kuniandikia bila kuanza na "Binti yangu, habari za kazi". Nilitafuta ankara yake ya mwaka uliopita, nikapiga namba iliyokuwa kwenye hiyo, wala si ile ya kwenye barua pepe. Alipokea mwenyewe. "Akaunti mpya?" akasema. "Binti yangu, mimi hata viatu vipya sinunui."

Mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali kuacha hundi. Kila nilipomweleza kwamba tungemlipa dakika hiyohiyo, alisikiliza kwa adabu kisha akasema atapita Alhamisi kuchukua hundi yake. "Ya karatasi naiona ikitoka mkononi mwako ikiingia mkononi mwangu," alisema. "Hiyo nyingine naambiwa tu kwamba imetoka." Nilimwona mkaidi. Sasa simwoni hivyo. Mwaka 2009 wasimamizi wa malipo Uingereza walitangaza kwamba hundi zitakoma 2018, na mwaka 2011 wakalifuta tangazo lao, baada ya kelele nyingi zilizowahusu watu wa namna yake, wazee na vyama vidogo vya hisani ambavyo havikuwa na njia nyingine. Kwingineko hawakurudi nyuma: Namibia iliziondoa katikati ya 2019, Afrika Kusini mwisho wa 2020. Simu yake mzee ilikuwa inashikwa na mjukuu, na namba ya siri mjukuu ndiye aliyeijua. Kati ya hundi inayosafiri siku moja na namba ya siri iliyo kichwani mwa kijana wa miaka kumi na tisa, nisingethubutu kumwambia ipi ni salama.

Kilichomhamisha kilikuwa mkono wake. Ulianza kutetemeka. Hundi alizokuwa anawalipa wafanyakazi wake zikaanza kurudi, moja baada ya nyingine, muhuri ukisema saini hailingani. Alikuja ofisini kwetu na tatu mkononi, akaziweka mezani palepale fundi alipoweka ile ya kwanza. "Wananiambia mimi si mimi," akasema.

Tulikwenda naye benki, akasajiliwa kwa alama ya kidole na kuchagua namba ya siri mpya, ambayo nilitazama ukutani wakati anaichagua. Malipo yake ya kwanza tuliyafanya pamoja ofisini kwangu. Alivaa miwani, akashika ankara karibu na pua, akanisomea tarakimu mbili mbili, polepole, kama anayesoma majina ya watu darasani. Nami nikamrudishia. Jina la mlipwaji likatokea, akalisoma lote kwa sauti. Akabonyeza mwenyewe, kwa kidole cha shahada kilichokuwa kinacheza, mara ya pili ndiyo ikakubali. Simu ikaita mlio.

"Imekwenda?" akauliza.

"Imekwenda, mzee. Ameshapata."

Alikaa kimya akikitazama kioo, ambacho tayari kilikuwa kimerudi kwenye ukurasa wa mwanzo kana kwamba hakuna lililotokea.

"Na kishina kiko wapi?"

Nilitaka kumweleza kuhusu taarifa ya akaunti, historia ya miamala, stakabadhi inayotumwa kwa barua pepe. Nikafungua droo. Kitabu chetu cha mwisho cha hundi kilikuwa bado humo, kimebaki na hundi nne. Nikazichana zote nne, nikampa kile kitabu na vishina vyake vinne vitupu. Akachukua kalamu yangu, akaandika tarehe, jina, kiasi, kisha kwenye mstari wa mwisho, kwa herufi zinazotetemeka, akaandika: tu.